Posa Ndani ya Jumba Lililooza

Jumba la maduka la Wexley lilianza kunuka kabla halijafa, na Jumamosi ile ya kuliaga lilinuka kupita siku zote. Wenye mali walikuwa wamezima mitambo ya joto tangu Januari. Zulia lilikuwa limelowa maji yaliyovuja kutoka kwenye paa la vioo, na kila lilipokanyagwa lilitoa harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Kwenye kidimbwi cha chemchemi, mahali maji yalipokuwa yakirukia juu na watoto wakitupa senti na kuomba heri, sasa palikuwa na vipande vya sigara, mavi ya ndege na nepi moja iliyokunjwa vizuri, kana kwamba aliyeiacha alikuwa na adabu zake.

Corinne Vasko alisimama mlangoni pa duka lake la magauni akiwatazama watu wa mji wa Brackett wakiingia kulia. Walikuja kwa mamia. Wengine hawakuwa wamelikanyaga jumba lile kwa miaka kumi, lakini leo walikumbatiana mbele ya maduka yaliyofungwa, wakapigana picha chini ya minazi ya plastiki, wakaambiana kwamba utoto wao wote unabomolewa. Walikuwa na kahawa mikononi, na kahawa yenyewe walikuwa wameinunua kwingine.

Machozi yale yalimtia Corinne kichefuchefu. Alijiona kama yuko msibani pa mtu aliyekufa njaa, na waombolezaji ni wale wale waliomnyima chakula.

Shelby Kraus, aliyesoma naye, alimjia na kumwangukia shingoni. Alilia kwa kwikwi. Akasema binti yake hatapata kamwe raha waliyoipata wao, ya kuja hapa Jumamosi na mama zao, kujaribu magauni ya dansi ya kumaliza shule na kuzunguka mbele ya kioo. Corinne alimpigapiga mgongoni kwa ncha za vidole. Wiki mbili tu zilizopita Shelby alikuwa humu ndani na huyo binti. Walijaribu magauni tisa. Walipiga picha za kila moja, wakashukuru, wakaondoka. Kisha gauni la kijani likanunuliwa mtandaoni kwa simu na kuletwa na mtu wa vifurushi, na lilipokataa kufunga kifuani, Shelby akamletea Corinne alipanue.

"Lile gauni la kijani limemkaa vizuri?" Corinne aliuliza.

"Limemkaa, asante sana. Mikono yako ina baraka, dada. Sijui tutafanyaje ukishafunga."

"Mtafanya kama mlivyokuwa mkifanya," alisema Corinne, akajitoa taratibu kwenye ile harufu ya manukato.

Mama yake, Bernadine, alikuwa nyuma ya mashine ya kushona akiyasikia yote. Duka lilikuwa lake kabla halijawa la binti yake. Alikuwa na miaka sabini na sita, na kila asubuhi, majira ya baridi na ya joto, alivaa raba zake nyeupe akatembea ndani ya jumba na wenzake, wanawake wa rika lake, wakifanya mizunguko yao huku wakipiga soga. Jumba lilipoanza kuvuja walipitia pembeni ya ndoo. Leo wenzake walikuwa wamekaa nyumbani. Walisema hawana haja ya kuja kutazama watu wanaojililia wenyewe.

"Umejipamba," Bernadine alimwambia binti yake.

Kweli alikuwa amejipamba. Alivaa gauni la buluu alilojishonea mwenyewe usiku baada ya usiku, la mikono mirefu, lenye kiuno kilichojua umri wake na kuuheshimu. Corinne alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alikuwa amewashonea wasichana wa mji mzima magauni ya kupendezea wanaume, na yeye akabaki na pini mdomoni. Leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amejishonea.

Troy Haskett alikuwa amempigia simu Jumatano. Sauti yake ilikuwa laini kuliko kawaida. Alisema Jumamosi ana neno la kumuuliza, na anataka kumuulizia pale pale walipokutana. Corinne hakuwa mtoto. Alijua neno lenyewe, na tangu Jumatano alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi mdomoni.

"Mama, nikuombe kitu. Leo usimseme."

"Nimemsema lini?"

"Kila siku."

Bernadine aliuma uzi kwa meno. Hakumchukia Troy kwa ubaya wowote wa kutajika. Hakuwa mlevi, hakuwa bahili. Alikuwa ameondoka Brackett akiwa na miaka kumi na minane bila kuaga, akaoa huko Chicago, akaachana na mkewe, kisha miaka miwili iliyopita akarudi na kamera. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Ohio na majimbo ya jirani akipiga filamu za majumba ya maduka yaliyokufa, akiweka juu yake muziki wa huzuni, na watu laki nne walimfuata kwenye mtandao ili wapate kusononeka. Alipokuja kulipiga picha jumba la Wexley alimkuta Corinne nyuma ya mashine. Akasema, "Mungu wangu, hujabadilika hata kidogo." Corinne alifurahi mwezi mzima. Bernadine alisema mwanamke wa miaka thelathini na saba akiambiwa hajabadilika inafaa aulize maswali.

"Mimi nasema jambo moja halafu nanyamaza," alisema sasa. "Penzi la zamani ni kiporo. Ukikipasha moto mara moja kinalika, na pengine ni kitamu kuliko jana. Lakini mtu anayekula viporo tu, kila siku, kila mahali, huyo ana ugonjwa."

"Ananipenda, Mama."

"Sijasema hapendi. Nauliza anampenda nani."

Corinne alimgeuzia mgongo. Mtu akipenda, chongo huita kengeza, na yeye hata kengeza hakutaka kuiona. Alitaka nyumba iliyo na mtu ndani yake. Alitaka mtu wa kumuuliza usiku kama mlango umefungwa. Ni mambo madogo, na alikuwa ameyangoja muda mrefu mno kuyafanyia mzaha.

Troy aliingia akiwa na begi la kamera begani na mfuko wa karatasi mkononi. Theluji ilikuwa imeyeyukia kwenye nywele zake. Alisimama mlangoni, akamtazama Corinne. Troy alikuwa na macho ya kumtazama mtu kana kwamba dunia nzima imetoka chumbani. Alimbusu shavuni, akamsalimu Bernadine kwa heshima, akapewa jibu fupi.

Corinne alingoja aseme kitu kuhusu gauni la buluu.

"Una baridi kweli," alisema Troy. "Njoo, nina kitu chako."

Walitoka wakaelekea upande wa vyakula, ule uwanja wa meza ambao zamani haukuwa na nafasi ya kuketi. Njiani alimshika mkono, na kiganja chake kilikuwa cha moto. Alimweleza kwa haraka, kama mtoto. Kibanda cha mikate ya kusokotwa bado kilikuwa na kaunta yake. Amekisafisha mwenyewe tangu saa mbili asubuhi. Amepata hata taa ya manjano ya zamani. Kisha akafungua mfuko na kumtolea shati la mistari ya njano na nyeupe, aproni ya kahawia na kofia ya karatasi.

Corinne alilijua shati lile kabla halijakunjuliwa. Alikuwa amevaa la namna hiyo miaka miwili kwenye kibanda kile, baada ya masomo na mwisho wa wiki, akisokota unga na kuupaka siagi.

"Umelitoa wapi?"

"Kuna mama mmoja Indiana aliyekuwa anauza. Ni lenyewe kabisa, Corinne, la kampuni ile ile, miaka ile ile. Unavaa, unasimama pale kaunta, mimi nakuja kutoka kule kwenye ngazi za umeme, kama siku ile. Halafu nakuuliza."

Corinne alilipokea. Kwapani kulikuwa na madoa ya jasho la mtu mwingine, yaliyokauka yakawa na rangi ya chai. Kitambaa kilikuwa na mafuta yasiyotoka, na alipokisogeza karibu na uso, harufu ya siagi iliyochacha na mdalasini ilimpanda puani hadi akameza mate mara mbili.

Watu waliposema wanaikumbuka harufu ya mikate ile, walifumba macho. Corinne aliikumbuka ikiwa kwenye nywele zake hata baada ya kuziosha. Alikumbuka mikono iliyobabuka kwa tanuri, na alimkumbuka meneja, mwanamume wa makamo mwenye pete ya ndoa, aliyekuwa akipita nyuma ya wasichana kila wakati akijifanya njia ni nyembamba. Aliwahi kumwambia Troy habari za meneja yule. Walikuwa garini, na mvua ilikuwa inanyesha. Troy alisema pole, kisha akasema hata hivyo ile ilikuwa miaka bora ya maisha yao.

"Troy, nimeshona gauni hili kwa ajili ya leo."

Hapo ndipo alipolitazama. "Ni zuri," alisema. "Ni zuri sana. Utalivaa wakati wa chakula. Lakini hili, mpenzi, hili ndilo sisi."

"Linanuka."

"Dakika kumi tu."

"Lina jasho la mtu mwingine, Troy. Tazama hapa."

"Kwenye picha halitaonekana."

Alisema hivyo kwa upole, huku akimtengeneza unywele uliomwangukia usoni, na ule upole ndio uliomponza Corinne. Laiti Troy angemkaripia, Corinne angekataa. Lakini macho ya Troy yalikuwa yamelowa. Troy alilipenda jumba lile kweli, na Corinne alimpenda yeye kweli. Akajiambia kwamba mwanamke anayesubiri pete kwa miaka ishirini na mbili hawezi kushindwa kwa sababu ya shati. Aliingia chooni.

Chooni hapakuwa na maji. Usiulize palivyokuwa. Alivua gauni la buluu akiwa amesimama juu ya viatu vyake ili miguu isiguse sakafu, akaling'ata kola kwa meno lisianguke. Shati lilimbana mabegani na halikukutana vizuri kifuani, kwa sababu lilikuwa la msichana. Alijitazama kwenye kioo kilichopasuka, kofia ya karatasi kichwani, na akaona mwanamke mzima aliyevishwa nguo za sanamu ya dukani. Ngozi yake ilijikunja kila mahali shati lilipogusa.

Alipotoka, mama yake alikuwa amesimama nje ya mlango. Alikuwa amewafuata polepole kwa raba zake nyeupe. Alimtazama binti yake kuanzia kofia hadi viatu. Alinyoosha mikono tu, akapokea gauni la buluu, akalikunja kifuani pake.

Watu walikuwa wameshakusanyika. Troy alikuwa amefunga kamba mbali kidogo ili wasiingie kwenye picha, na nyuma ya kamba walijazana, Shelby akiwa mbele, leso mkononi. Simu zao zote zilikuwa juu. Baadhi ya wafuasi wa Troy walikuwa wamesafiri kutoka majimbo mengine. Kamera ilikuwa imesimama kwenye miguu yake mitatu, ikitazama kaunta, na taa ya manjano ilikuwa imewashwa.

Troy alimbania Corinne kinasa sauti kidogo kwenye kola ya shati. Sikioni mwake mwenyewe alichomeka kidude cha kusikilizia, ili asikie sauti inavyoingia. Alimwambia asitazame kamera, atazame unga, ingawa unga haukuwapo. Kisha akaenda hadi kwenye zile ngazi za umeme zilizokufa, akageuka, akaanza kuja.

Kwa haki ya Mungu, alikuja vizuri. Alikuja na mikono mifukoni, bega moja chini kidogo, kama alivyokuja akiwa mvulana wa miaka kumi na saba aliyekuwa na dola mbili na aibu nyingi. Corinne alimwona, na shati likasahaulika, na harufu ikasahaulika. Alimwona mtu ambaye moyo wake ulikuwa umemchagua kabla haujajua kuchagua, na aliyerudi. Wangapi hurudi? Troy alifika kwenye kaunta, akaizunguka, akapiga goti kwenye vigae vilivyokuwa na utelezi wa mafuta ya zamani.

"Nilikuja hapa siku ile bila njaa," alisema, na sauti ilimtetemeka, haikuwa ya kuigiza. "Nilinunua mkate nisioutaka ili unitazame. Nimekaa Chicago, nimekaa kila mahali, na sijapata kutazamwa hivyo tena. Corinne, nimechoka kukukumbuka. Nataka nikuone kila siku. Utakubali niwe mume wako?"

Corinne alisahau watu. Machozi yalimtoka bila ruhusa, akainama hadi uso wake ukawa karibu na wake, akaweka viganja viwili kwenye mashavu yake yenye ndevu za jana. Miaka yote aliyolala peke yake akaisukuma itoke kwa neno moja.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, Troy. Ndiyo."

Troy alikuwa amekunja uso. Alipeleka vidole viwili sikioni, akakibonyeza kile kidude, akasikiliza. Kisha akageuza shingo akaitazama ndoo iliyokuwa pembeni ya kaunta, ambamo maji ya paa yalikuwa yakidondoka, to, to, to.

"Ah, jamani," alisema taratibu. "Hiyo ndoo."

Corinne alibaki ameshika mashavu ya Troy.

"Tone limeangukia juu ya 'ndiyo' yako, mpenzi. Limeiua kabisa. Ngoja." Aliinuka, akaisogeza ndoo kwa mguu, akaweka kitambaa chini yake. Alirudi mbio, akapangusa goti, akatabasamu kama fundi aliyepata dawa ya hitilafu. "Nitaanzia pale kwenye 'utakubali.' Wewe fanya vile vile ulivyofanya, ilikuwa nzuri sana. Ila usilie mapema. Ukilia mapema, sauti inazama."

Akapiga goti tena.

Corinne alimtazama mwanamume yule kutoka juu. Ilikuwa ajabu jinsi harufu ilivyorudi yote kwa pamoja: siagi iliyochacha, zulia lililooza, jasho la msichana wa Indiana likipashwa moto na mwili wake yeye. Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa heri, kwa sababu mtu hukasirikia anachokitaka bado. Aliona kinyaa tu, kile cha mtu aliyeuma tunda akakuta nusu ya funza.

"Corinne," alisema Troy, na sauti ilitetemeka pale pale ilipotetemeka mwanzo. "Utakubali niwe mume wako?"

"Hapana."

Alimtazama kwa subira. "Ulisema ndiyo," alimkumbusha kwa kunong'ona.

"Nilisema."

"Basi sema hivyo hivyo. Usibadilishe."

"Nilisema ndiyo na wewe ndiye niliyekuambia, Troy. Ulikuwa hapa, nimekushika uso. Hukuisikia. Ulikuwa unasikiliza ndoo."

"Nimeisikia, mpenzi, ila haikuingia—"

"Haikuingia," alisema Corinne. "Ndivyo."

Sasa ndipo Troy alipoelewa. Rangi ilimtoka usoni, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama vizuri, alimtazama yeye, mistari ya pembeni ya macho, kola iliyomkaba shingo, kifungo kilichokuwa kinakaribia kukatika. Mdomo wake ulifunguka. Kisanduku cha pete kilikuwa wazi mkononi mwake, na kumwona hivyo kulimuuma Corinne, kwa maana kumpenda kulikuwa bado hakujaisha. Kungechukua muda, alijua. Kungemchukua majira kadhaa ya baridi.

Alikishika kile kisanduku, akakifunga. Akaukunja mkono wa Troy juu yake, kidole baada ya kidole, akaushikilia kwa mikono yake yote miwili ili asikifungue tena.

Watu waliokuwa nyuma ya kamba hawakusikia neno lolote. Waliona mwanamume amepiga goti, mwanamke analia, mikono minne imeshikana chini ya taa ya manjano. Shelby Kraus ndiye aliyeanza kupiga makofi, na jumba lote likalipuka kwa vifijo.